Stabilaiza ya nyuma kwenye GC8, Altezza na Glanza: unene gani, na kinachovunjika ni nini

BoxerUnguja
Assalam alaikum jamani. Gari ni Subaru Impreza WRX, bodi ya GC8 ya 1997, gia ya mkono, springi na shokapu za kiwandani, tairi 205/50 R16. Kwenye kipilefti pua inakwenda nje: usukani unauzidisha, gari haifuati. Stabilaiza ya nyuma (kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari isilale sana kwenye kona) nimeipima unene kwa venia, inasoma milimita 17. Naona kuna za Whiteline za 22 zenye matundu ya kurekebisha ugumu. Je, kuna ubaya kuruka kutoka 17 mpaka 22 kwa mkupuo? Mwenye kujua upande wa Altezza na Glanza za Toyota ajaze hapa hapa, tusifungue nyuzi tatu.

Spana14
Waalaikumu salaam. Ubaya upo. Watu wanaona 17 na 22 wanasema milimita tano tu. Chuma kinachosokotwa hakihesabiwi hivyo. Ugumu wake unakwenda na kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. 17×17×17×17 ni 83,521. Fanya hivyo kwa 22 unapata 234,256. Gawanya: 2.8. Basi unafunga kitu kigumu karibu mara tatu, na vibati vinavyokishikilia bodini ni vile vile vya kiwanda. 19 ingekupa mara 1.56, na 20 mara 1.92.

Usitishike kupita kiasi, lakini. Gari haizuiwi kulala na stabilaiza peke yake, springi nazo zinafanya kazi. Tuseme kwa mfano nyuma springi zinabeba sehemu 70 na stabilaiza 30. Ukiipandisha mara 2.8 inakuwa 84, jumla 154. Nyuma imezidi ugumu kwa karibu nusu, si mara tatu. Ila vibati na linki (vijiti vinavyounganisha ncha za stabilaiza na upande wa magurudumu) vinabeba ile mara 2.8 nzima, na ndivyo vinavyokatika.

Pili, pima upya. Kwangua rangi mpaka chuma kitupu, pima katikati paliponyooka, pande mbili zinazopishana. Rangi na kutu vinaidanganya venia. GC8 zimetoka 1992 mpaka 2000 na matoleo yake hayakuvaa stabilaiza moja, kwa hiyo namba ya gari ya mtu mwengine si namba ya gari yako.

Tatu, soma tarehe ya tairi za mbele. Tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari wa DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi ngumu kama ukwaju mkavu haina stabilaiza ya kuitibu.

Mkarafuu
Yakhe, ongeza na hili, maana watu hulipindua. Stabilaiza ya nyuma haileti mshiko. Inapunguza mshiko wa nyuma ili pua ionekane imepona.

Gari ikiingia kona, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Kiasi kinachohama kwa jumla kinategemea kimo cha uzito wa gari, upana wa magurudumu na mwendo, stabilaiza haikipunguzi. Kazi yake ni kuamua mbele na nyuma zigawane vipi. Ukikaza nyuma, nyuma inachukua fungu kubwa: tairi ya nje inaelemewa, ya ndani inakuwa nyepesi. Na tairi mbili zilizobeba sawa zinashika zaidi kuliko moja iliyoelemewa na mwenziwe anayeelea. Mbele ndiyo inapata nafuu.

Sasa ipeleke gari hiyo njia ya Chake hadi Wete, Pemba, wakati wa masika, vilima na kona zimefuatana, tope limeburutwa lamini kutoka njia za pembeni. Umeingia kona unateremka, umeona kitu, umeondoa mguu kwenye mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele, nyuma imeshakuwa nyepesi, mkia unatoka. Ile GC8 yenye pua nzito ingekupa onyo mapema. Iliyofungwa 22 na springi laini inakupa onyo fupi mno.

Kwa barabara zetu, hatua moja. 19, ukizidi sana 20.

Mswahili_wa_Gia
Na matuta ya Jozani je? Si itapiga mgongo?

Mkarafuu
Tuta unalolivuka magurudumu mawili kwa pamoja stabilaiza haihusiki nalo. Pande zote zinapanda sawa, chuma kinazunguka tu ndani ya bushi zake (raba zinazokizunguka ndani ya vibati), hakisokotwi. Kipige sana kisipige sana, hilo ni la springi na shokapu. Shimo la upande mmoja ndilo balaa: gurudumu la kushoto linatumbukia, stabilaiza nene inalivuta la kulia nalo, mwili wote wa gari unayumba. Ukiona gari inatikisa kichwa kila shimo, umezidisha unene.

VeniaMkononi
Kabla hujalipia angalia ni nzima au ya bomba. 22 ya bomba yenye ukuta wa milimita 3, ndani ni 16. Toa 65,536 kwenye 234,256, zinabaki 168,720. Hiyo ni sawa na chuma kizima cha 20 na ushei. Uzito wake ni karibu kilo 1.4 kwa mita, wakati 22 nzima ni karibu kilo 3. Kwa hiyo mtu akikwambia "22" bila kukwambia ukuta, hajakwambia kitu.

Matundu nayo: tundu la nje kabisa ndilo laini, kwa sababu mkono unakuwa mrefu. Mkono ukifupika kutoka milimita 200 kuwa 180, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 23. Stabilaiza ya matundu hufungwa kwanza tundu la nje, pande zote mbili tundu moja. Kuna wanaofunga kushoto la nje na kulia la ndani ili wapate ugumu wa kati, na wanaupata. Haipasuki, lakini linki moja inafanya kazi kwa nguvu kuliko nyengine, na hiyo ndiyo itakayoanza kugonga.

Baharia_wa_Mkoani
Samahani wakubwa, swali la mwenye mfuko mwepesi. Mhunzi akikata nondo ya 20, akaikunja kwa kufuata ya zamani, kuna tatizo gani? Chuma si chuma?

VeniaMkononi
Swali zuri kuliko linavyoonekana, maana nusu yake ni kweli. Nondo ya 20 na stabilaiza ya 20 zina ugumu karibu sawasawa. Ugumu wa kusokotwa haubadiliki sana kati ya chuma laini na chuma cha springi. Siku ya kwanza usingehisi tofauti.

Tofauti ni mwisho wa kuvumilia. Chuma cha springi kimepikwa kikapozwa kwa utaratibu ili kirudi pale pale hata kikisokotwa sana. Nondo inafika kikomo mapema inabaki imepinda. Shimo moja kubwa, na upande mmoja wa gari umekaa juu ya mwengine, stabilaiza ikiwa imejipinda inasukuma muda wote hata umeegesha. Isitoshe nondo ina mbavu, haizunguki ndani ya bushi, inaila. Na masikio ya mwisho itabidi yachomelewe. Pembeni ya weldi ndipo ufa unapoanzia.

Kwa sababu hiyo hiyo, stabilaiza ya kweli usiichomelee, usiipashe moto kuinyoosha, usiikate kuiunga. Moto unaua ule upishi, na pahala hapo panakuwa nondo.

Mwenye mfuko mwepesi atafute ya mtumba ya toleo la juu la bodi hiyo hiyo. Ya STI ya GC8 mara nyingi inaingia kwenye WRX ya GC8. Ila nenda na venia, na nenda na kibati chako cha zamani ukilinganishe.

Spana14
Na ya mtumba ikague kwenye mikunjo na pale bushi inapokaa. Rangi ikibambuka hapo, hewa ya chumvi inachimba vidimbwi, na kidimbwi kwenye chuma kinachosokotwa kila siku ni mwanzo wa ufa. Kutu ya juu juu inaondoka kwa brashi ya waya. Vidimbwi vinavyoshika ukucha, achana nayo hata akikupa bure.

DriftiYaFumba
Upande wa Altezza, SXE10 za 1998 mpaka 2005. Shauri linageuka kwa sababu inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nyuma ikikazwa sana, gurudumu la ndani linakuwa jepesi pale pale unapokanyaga mafuta kutoka kwenye kona. Difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) ya kawaida inapeleka nguvu kwa lile jepesi, linazunguka bure, gari inapiga kelele haiendi.

Altezza za toleo la RS200 nyingi za gia ya mkono zina difu ya Torsen, inayopeleka nguvu zaidi kwa gurudumu lenye mshiko, na wenyewe hudhani ndiyo kinga. Torsen inafanya kazi kwa kuuzidisha mshiko wa gurudumu lenye mshiko mdogo. Likininginia hewani mshiko ni sifuri, na sifuri uizidishe kwa chochote ni sifuri. Kwa hiyo Altezza usibadilishe nyuma peke yake kwa hatua kubwa. Badilisha mbele na nyuma kama jozi kutoka mtengenezaji mmoja, Cusco au Whiteline, ambao wameshapima uwiano. Ukiwa na lazima ya nyuma pekee, milimita 1 au 2 juu ya ulichopima, basi.

Nyengine: linki za Altezza zina bol jointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachozunguka) ndogo. Nati ukiifungua, msumari wa ndani unazunguka nao. Katikati ya msumari kuna tundu la ufunguo wa L, wa milimita 5 au 6. Shika hapo, fungua nati kwa spana ya kawaida. Tundu likishajaa kutu au limeliwa, usipoteze asubuhi nzima. Kata kwa grenda na uweke linki mpya. Linki ya zamani haina thamani ya kuokolewa kwenye kazi hii.

Turbo_Ndogo_Wete
Glanza (Toyota Starlet EP91, 1996 mpaka 1999). Nyuma si amu za kujitegemea, ni bimu moja inayokwenda kushoto na kulia, na bimu yenyewe inasokotwa gari ikilala. Yaani bimu ndiyo stabilaiza ya kwanza. Hakuna linki za kubadilisha. Zinazouzwa ni chuma cha kuongezea kinachofungwa kwa bolti kutoka mwisho mmoja wa bimu hadi wa pili.

Mambo matatu. Usitoboe bimu kwenye sehemu ya katikati inayosokotwa. Vishikizio vikae kwenye miguu ya pembeni. Usichomelee. Na kabla ya kukaza, ishushe nyuma ininginie mpaka mwisho, kisha ipandishe kwa jeki mpaka karibu na raba za kuzuia, uangalie kwenye hali zote mbili chuma hakigusi ekzosi, tangi, mipira ya breki wala kebo ya hendibreki. Ikikaa chini ya vidole viwili kutoka kwenye kebo, hapatoshi.

Faida yake kwenye gari ya kuvuta mbele ni kubwa. Nyuma ikikaza, gurudumu la ndani la mbele linabaki chini, na turbo inapata pa kushika. Gurudumu la nyuma la ndani kunyanyuka kidogo kwenye kona kali si ugonjwa, kwa gari ya kuvuta mbele halivuti kitu.

Mswahili_wa_Gia
Na wenye Honda Civic, bodi za EG na EK?

Turbo_Ndogo_Wete
Huko ndiko kwenye msiba unaojulikana dunia nzima. Stabilaiza ya 22 ya Honda Integra Type R inaingia, lakini inashikwa na karatasi nyembamba ya chuma, na bila bamba la kuimarisha inaichana. Utaona mpasuko unaozunguka matundu ya bolti. Nunua bamba la kuimarisha pamoja na stabilaiza, vyote siku moja.

Spana14
Na Impreza ni jamaa yake. Vibati vya stabilaiza ya nyuma ni vya bati lililokunjwa, vinapinda na hatimaye kukatika ukifunga nene. Ndiyo maana Whiteline wanauza vibati vizito peke yake. BoxerUnguja, ukichukua 20 au zaidi, vibati vizito si anasa. Kagua pia linki. Baadhi ya Impreza zimetoka na za plastiki, hizo toa hata usipobadilisha stabilaiza.

Utaratibu wa kufunga, kwa GC8, wengine wataurekebisha:

Usiku wa kabla yake mwagia bolti zote mafuta ya kupenyeza. Hapa kwetu bolti ya chini ya gari imekula chumvi miaka zaidi ya ishirini. Bila hivyo utaikata. Siku ya kazi: tia kabari magurudumu ya mbele, nyanyua nyuma pande zote mbili, stendi mbili za chuma. Matofali hapana, tofali linapasuka bila kuuliza. Kamwe usifungue stabilaiza upande mmoja ukiwa juu na mwengine chini, maana imesokotwa na itakurukia.

Soketi 12, 14 na 17 zinatosha sehemu kubwa. Fungua linki kwanza, kisha bolti nne za vibati. Ekzosi ikizuia, itoe kwenye raba zake ishuke, usiipinde. Bolti ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndipo uifungue, mbele na nyuma, robo kwa robo. Nati iliyochomelewa ndani ya bodi ikianza kuzunguka, simama hapo hapo. Na kabla ya mtu kuleta moto, kumbuka tangi la mafuta liko mbele yake tu.

Safisha pale bushi zinapokaa. Linganisha bushi mpya na chuma kipya: tundu la bushi liwe sawa na kipenyo, na mgongo wake ujae kwenye kibati. Bushi ya 19 juu ya chuma cha 20 inabana. Stabilaiza haizunguki, bolti za kibati ndizo zinaanza kukatwa. Ya 22 juu ya 20 itagonga kabla hujafika Mwanakwerekwe.

Pandisha, tia bolti zote kwa vidole, usikaze. Iweke katikati: pima kutoka kila mkunjo hadi kitu kilicho sawa pande zote, tofauti isizidi milimita 3. Kaza vibati. Kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Usipokuwa nacho, bolti ya M8 ya daraja 8.8 inachukua karibu nyutoni-mita 25, ya M10 karibu 45 hadi 50, nyuzi zikiwa kavu. Daraja limeandikwa kichwani. Iliyoandikwa 10.9 usiibadilishe na 8.8 kwa sababu duka halina.

Linki zenye bushi za raba hukazwa gari ikiwa imekaa kwa uzito wake, juu ya shimo la gereji au magurudumu yamepandishwa kwenye mbao nene. Ukizikaza gari ikininginia, raba inabaki imesokotwa ikishushwa, inapasuka mapema. Bolti ya mwisho ya linki iingie kwa kidole, na mtu wa uzito wako akae kiti cha dereva. Ikihitaji nyundo, linki hazilingani urefu au stabilaiza imepinda. Nati za kujikaza ni mpya, zote nne.

Rudia kukaza baada ya kilomita 100.

DriftiYaFumba
Spana14 hukusema bushi za aina gani. Poli (plastiki ngumu ya poliyurethani) ndiyo jibu. Raba inaminyika, unalipia 20 unapata 18.

Mkarafuu
Poli Dar sawa, kisiwani tusikimbilie. Inataka grisi ya silikoni, ikiisha inalia kama mlango wa banda. Na gari inayopita njia za mchanga wa pwani, mchanga unaingia kwenye grisi, inakuwa msasa. Inamla bushi na chuma pamoja. Raba mpya iliyobana vizuri haina kelele na haina cha kupaka. Na asiweke mtu grisi ya bearingi kwenye raba, inaivimbisha.

Spana14
Nyote mna haki. Ya 19, raba mpya inatosha. Ya 20 na kuendelea, poli yenye nipo (kichuchu) ya kutilia grisi, na uitie kila miezi mitatu hivi, grisi chafu itoke pembeni.

Baharia_wa_Mkoani
Imefungwa, na sasa inagonga tok-tok mashimoni. Unajuaje kama ni linki au bushi?

VeniaMkononi
Fungua linki ya upande mmoja tu, ifunge kwa waya ili isiguse ekseli wala mpira wa breki. Stabilaiza iliyofunguliwa upande mmoja haifanyi kazi kabisa. Endesha polepole mtaani. Kelele ikiisha, ni ya mfumo huu. Ikibaki, tafuta kwenye shokapu na vikombe vyake vya juu. Ikiwa ni ya mfumo huu, shika linki kwa mkono uitikise: bol jointi yenye uhai haitoi mlio. Kisha piga mstari wa rangi kwenye chuma kando ya bushi. Baada ya siku mbili mstari ukiwa umehama pembeni, stabilaiza inatembea kushoto na kulia. Dawa yake ni kola mbili za kubana, moja kila upande, kwa ndani ya bushi.

BoxerUnguja
Nimekwangua rangi: ni 16.6 wala si 17. Nimeamua 19 nzima, raba mpya, linki mpya, vibati nitaviangalia vikiwa wazi. Bolti za vibati nizipake nini dhidi ya chumvi?

Spana14
16.6 kwenda 19 ni mara 1.7, pazuri. Vibati vikiwa na alama ya kupinda pembeni ya tundu, badilisha. Bolti: usipake grisi kwenye nyuzi halafu ukakaza kwa kipimo kile kile, utavuka kiasi. Kaza kavu, kisha paka nta ya chini ya gari juu ya vichwa na nyuzi zilizotokeza. Na ukitoka pwani, mwagia maji baridi (yasiyo na chumvi) chini ya gari, pale pale nyuma.